Samaki Wageni na Mizani Iliyochelewa: Mafunzo ya Milima ya Usambara

Katika lugha ya Kiswahili neno mgeni lina heshima kubwa. Methali yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kuwa ajaye kutoka mbali aweza kuja na dawa, elimu au baraka ambayo mwenyeji hakuwa nayo. Lakini wahenga hao hao walisema pia kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Methali ya kwanza yafungua mlango. Ya pili yamtazama aliyekwisha ingia, ili ijulikane ni mtu wa namna gani. Kati ya methali hizi mbili kuna muda, na muda huo ndio uliojaa historia ya viumbe wageni katika milima ya Usambara. Kwa binadamu kuchelewa kupima si hasara kubwa, kwani mtu aweza kuonywa, kupatanishwa au kurejea kwao. Kwa mti uliokwisha angusha mbegu, au samaki aliyekwisha zaa mtoni, hapana wa kumwambia arudi.

Wasambaa wenyewe wana kisa mashuhuri cha kumpima mgeni. Katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, yasimuliwa habari ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu. Mbegha alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa desturi ya siku zile kigego alidhaniwa kuwa na uchimvi wa kuwaletea jamaa zake mauti. Jamaa zake walimpima kwa dalili hiyo moja, wakamkataa. Wasambaa walimpima kwa njia nyingine. Walimwona akiwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, wakaona namna alivyogawa nyama, wakamfanya mtawala wao; na kizazi chake, Wakilindi, kikatawala Vugha kwa muda mrefu. Kisa hiki kina mizani mbili ndani yake. Mizani ya kwanza ilitazama umbo, ikakosea. Mizani ya pili ilitazama mwenendo, ikapata.

Si halali kumfananisha binadamu na gugu au samaki, na yeyote atumiaye elimu ya viumbe kumfukuza jirani yake ameidhulumu elimu na jirani pia. Mtu ana ulimi wa kujieleza na dhamiri ya kushika ahadi. Samaki hana ulimi. Ndiyo maana hapana budi maswali ambayo mgeni wa kibinadamu angeyajibu mwenyewe yajibiwe kwa niaba ya samaki na historia yake: ametoka katika maji ya namna gani, alikwenda wapi kabla ya hapa, akafanya nini huko. Kazi hiyo ya kuuliza na kuhesabu majibu ndiyo iitwayo kupima hatari ya kiumbe mgeni. Ni elimu changa kwa jina, lakini ushahidi wake ni wa zamani, na sehemu ya ushahidi huo ilipandwa Usambara zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mwaka 1902 serikali ya Wadachi ilianzisha kituo cha elimu ya viumbe na kilimo mahali paitwapo Amani, katika Usambara ya Mashariki. Mfano wake ulikuwa bustani mashuhuri ya Waholanzi ya Buitenzorg, kisiwani Java. Nia ilikuwa kujua ni mimea gani ya dunia ingeweza kustawi katika koloni na kuleta fedha. Mipira, mikwinini, mikafuri, viungo vya chakula na miti ya mbao ya kila aina ililetwa kutoka Asia, Amerika na sehemu nyingine za Afrika, ikapandwa katika viwanja vilivyopangwa kwa hesabu. Swali lililoulizwa juu ya kila mche lilikuwa moja tu: je, utaota? Swali la pili, yaani ukiisha ota utakoma wapi, halikupewa nafasi katika daftari.

Wenye kituo walikuwa na sababu ya kuwa na tumaini. Miaka michache kabla yake, mwaka 1893, Richard Hindorf alikuwa ameagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Katika miche elfu moja iliyosafirishwa ilisalia 62 tu, na kutoka hiyo ikazaliwa mali iliyoutajirisha mkoa wa Tanga kwa miongo mingi, ikajaza bonde lote la Korogwe na Mombo. Mahindi na mihogo, ambayo leo hakuna mkulima wa Usambara ayaitaye chakula cha kigeni, yalitoka Amerika pia. Kwa hiyo asemaye kuwa kila kiumbe mgeni ni adui asema uongo, na tumbo lake mwenyewe laweza kumshuhudia. Ugumu wa kupima hatari watoka hapa hapa: wageni wengi hawana dhara, baadhi yao ni neema, na wachache ni balaa, nao wote siku ya kuwasili huonekana sawa.

Maua mawili yaweza kulidhihirisha jambo hili. Mwishoni mwa karne ya 19 ofisa mmoja wa Kidachi wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka Ujerumani ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu Saintpaulia. Ua hilo lilienea duniani likawa pambo la madirisha ya mamilioni ya nyumba za Ulaya na Marekani. Halikuvamia mto wala msitu huko, kwa kuwa maisha yake yahitaji kivuli, unyevu na jiwe la namna ya nyumbani kwake; nje ya chungu, baridi ya kaskazini huliua. Ua la pili ni gugu maji, lenye asili ya Amerika ya Kusini. Nalo lilibebwa kwa ajili ya uzuri, likatiwa katika visima vya bustani na madimbwi ya mapambo. Katika miaka ya 1950 lilikuwa limekwisha onekana katika mito ya Sigi na Pangani, yaani chini ya miguu ya Usambara, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaanza kuyafunika maji ya Ziwa Victoria, likazuia mitumbwi na kuyanyima maji hewa. Maua yote mawili yalipendwa kwa sababu moja, nayo yalichukuliwa na watu wa tabia moja. Tofauti yao haikuwa katika uzuri bali katika mwenendo: moja huzaa kwa taabu na kuchagua makao, jingine hukatika vipande na kila kipande huwa mmea mzima.

Samaki wa mapambo wamo katika mlango huo huo. Huchaguliwa kwa rangi, kwa umbo la mapezi na kwa wepesi wa kuishi katika tangi la kioo. Lakini wepesi huo wa kuishi, ambao ni sifa njema dukani, ni alama ya hatari mtoni. Samaki astahimiliye maji machafu, hewa haba na chakula chochote ndiye auzwaye kwa wingi, kwa sababu hafi mikononi mwa mnunuzi asiyejua kazi. Na huyo ndiye awezaye kuishi akitupwa katika mfereji. Gapi, samaki mdogo wa Amerika ya Kusini, hazai mayai bali huzaa watoto walio hai, na jike huweza kuhifadhi mbegu za dume kwa muda mrefu. Jike mmoja mwenye mimba aweza kuanzisha kabila zima. Ameenezwa katika nchi nyingi za joto, mara kwa ajili ya matangi, mara kwa matumaini ya kula viluwiluwi vya mbu. Tena wapo kambare wa Amerika wenye mdomo wa kufyonza, ambao hununuliwa wakiwa wadogo ili walambe ukungu wa kioo. Wakikua huzidi tangi, mwenyewe huwachoka, akawapeleka mtoni akidhani amewatendea wema. Huko huchimba mashimo ya kutagia katika kingo, na kingo hubomoka.

Kabla ya kuyashuka maji, ni vema kuutazama msitu, kwa maana msitu wa Amani ndio uliotoa jibu la kwanza. Katika miti iliyoletwa kulikuwa na musizi, mti uitwao kwa Kilatini Maesopsis eminii. Ulipandwa Amani karibu na mwaka 1913. Katika miaka ya 1960 na 1970 ulipandwa kwa wingi, kwa kuwa hukua upesi na hufaa kuziba mahali palipokatwa miti ya mbao. Matunda yake huliwa na hondohondo, ndege wenye midomo mikubwa warukao mbali juu ya msitu. Nao huziangusha mbegu kila watuapo. Wakati huo huo misumeno na magari ya kuvuta magogo yaliufungua msitu, jua likaingia mahali ambapo halikuwa limeingia tangu zamani, na musizi ni mti upendao jua. Mgeni, mbebaji na mlango uliofunguliwa vikakutana. Katika miaka ya 1980 wataalamu walipouchunguza msitu walikuta musizi umeenea kiasi cha kutia hofu, na ukataji mkubwa wa mbao ukakomeshwa katika muongo huo. Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na musizi ukaingia hifadhini pamoja na miti iliyokusudiwa kulindwa.

Musizi haukutoka ng'ambo ya bahari. Asili yake ni misitu ya Kongo, Uganda na sehemu ya Bukoba. Kwa hati ya serikali ni mwananchi wa Tanzania. Kwa msitu wa Usambara ni mgeni kabisa, kwa maana misitu ya milima hii ilitengwa na misitu ya magharibi kwa nyika pana na kwa muda mrefu mno. Kwa viumbe, ugeni haupimwi kwa mpaka uliochorwa na wanasiasa. Hupimwa kwa mlima, kwa bonde na kwa maji. Asiyelijua hili aweza kuilinda bandari ya Tanga usiku na mchana, na huku mgeni akapita barabara ya Mwanza ndani ya ndoo.

Katika bustani ya Amani ilisalia mimea ya kigeni ya aina zaidi ya 200 kutoka upanzi wa kale, na mwanzoni mwa karne ya 21 wataalamu walirudi kuihesabu. Nyingi zilikuwa zimekaa mahali zilipopandwa, kama watumishi waaminifu. Sehemu ndogo zilikuwa zimezaa zenyewe karibu na mama zao. Chache zaidi, miongoni mwao musizi, mpira wa Panama, lantana na kichaka kiitwacho Clidemia hirta, zilikuwa zimetoka na kuenea. Kwa hiyo Amani, pasipo waanzilishi wake kukusudia, ilikuwa jaribio kubwa la miaka mia moja juu ya swali ambalo hawakuliuliza.

Sasa maji. Lushoto imekaa juu kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Maji ya sehemu hizo huteremka Soni, yakaanguka katika maporomoko, yakafika Mombo na kuingia mto Mkomazi, ambao huungana na Pangani karibu na Korogwe. Lwengera hupita kati ya Usambara ya Magharibi na ya Mashariki, nao huingia Pangani. Umba huelekea kaskazini na mashariki mpaka bahari ya Hindi. Sigi hutoka misitu ya Amani na ndio unaounywesha mji wa Tanga. Milima hii ni dari, na mabonde ni mapipa yaliyowekwa chini ya michirizi yake. Kitu kimwagikacho darini hakikai darini.

Mwaka 1949 serikali ya Tanganyika ilianza majaribio ya kufuga perege katika mabwawa, na mahali pawili palipochaguliwa ni Malya, upande wa Mwanza, na Korogwe. Nia ilikuwa njema: nyama ilikuwa haba, na bwawa dogo liliweza kumlisha mwenye shamba. Lakini perege waliokuwa wakiishi katika mto Pangani wenyewe hawakuwa wamejulikana sawasawa. Miaka 6 baadaye, mwaka 1955, ndipo Rosemary Lowe, mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi Afrika ya Mashariki, alipotoa maelezo ya kitaalamu ya perege wa Ziwa Jipe na mto Pangani. Mmoja aliitwa korogwe, mwingine pangani, mwingine jipe. Yaani kazi ya kuhamisha samaki katika Tanganyika ilianza kabla ya wenyeji kuandikwa majina. Ni kama kugawa mashamba ya kijiji kwa wageni kabla ya kuuliza nani anaishi pale.

Miaka iliyofuata ilileta mabwawa mengi na safari nyingi za ndoo. Sato, ambaye kwa Kilatini ni Oreochromis niloticus, alipendwa kwa kuwa hukua upesi, hula karibu kila kitu na huuzika vizuri. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa sato, pamoja na perege mwingine wa maziwa ya magharibi aitwaye Oreochromis leucostictus, wameenea katika mabonde mengi ya Tanzania ambayo hayakuwa yao, na kwamba asili ya jambo hilo ni kupandikizwa kwa makusudi kwa miongo kadhaa. Bonde la Pangani ni mojawapo. Hatari yao si ile ya mnyama mkali ambaye kila mtu humwona akila. Perege hawa ni ndugu. Dume mgeni, aliye mkubwa kuliko mwenyeji, hushika mahali pa kujenga kiota, na jike wa kienyeji huzaa naye. Watoto huwa machotara, nao huzaa tena. Vipimo vya urithi vilivyofanywa katika maziwa madogo ya mkoa wa Lindi, ambako perege wa Korogwe hupatikana pia, vilionyesha kuwa damu yake imekwisha changanyika na ya wageni. Hapo mvuvi hutupa wavu na kupata samaki kama kawaida. Hakuna mzoga ufukweni, hakuna kilio. Walakini aina moja ya kiumbe iko katika njia ya kutoweka kwa kuyeyuka, kama chumvi katika maji.

Mwenye haraka atauliza hasara ni nini, ikiwa samaki wapo na wanaliwa. Jibu laweza kutolewa kwa lugha ya mkulima. Mwenye kuhifadhi mbegu za kienyeji haziweki kwa sababu ya mapenzi ya mambo ya kale, bali kwa sababu mwaka wa ukame au wa ugonjwa ndipo mbegu ya dukani huanguka na ile ya babu husimama. Perege wa mabonde ya Tanzania, kila mmoja kwa joto, chumvi na tope la maji yake, ni ghala la tabia ambazo wafugaji wa kesho waweza kuzihitaji. Kuichanganya ghala yote kuwa gunia moja ni kuuza akiba kwa bei ya mlo mmoja.

Somo kubwa kuliko yote katika Afrika ya Mashariki latoka Ziwa Victoria. Mwaka 1954 sangara kutoka Ziwa Albert walitiwa majini upande wa Uganda, bila mashauri kukamilika. Mwaka 1960 walianza kuonekana karibu na Jinja. Mwaka huo huo wa 1960 Geoffrey Fryer, mtaalamu wa samaki, alichapisha katika jarida la kilimo la Afrika ya Mashariki makala ya kuonya juu ya pendekezo la kuwatia sangara ziwani. Na mwaka 1961 alijibiwa katika jarida hilo hilo na upande uliotaka watiwe, ambao uliwaona furu, samaki wadogo wa ziwa, kuwa hawana thamani isipokuwa wageuzwe nyama ya samaki mkubwa. Mabishano yaliandikwa kwa ustadi, na huku jambo lililobishaniwa lilikuwa limekwisha tendeka. Mwaka 1962 na 1963 sangara waliongezwa, safari hii kwa idhini. Katika miaka ya 1980 walizidi mno, na mamia ya aina za furu, ambazo nyingi hazikupatikana mahali pengine duniani, zilipungua au zikatoweka. Kweli ni kwamba sangara walileta viwanda vya minofu, fedha za kigeni na kazi kwa watu wengi. Kweli pia ni kwamba hapana tena awezaye kuchagua baina ya faida ile na ziwa la zamani. Baadhi ya furu wamebaki hai kwa kufugwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani. Tangi lile lile ambalo katika nchi nyingine limekuwa mlango wa balaa, kwao limekuwa hospitali.

Kwa hiyo zilipofika siku za mwisho za karne ya 20, dunia ilikuwa na mifano ya kutosha, nayo ikaanza kutafuta njia ya kuuliza kabla ya kutenda. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya uanuwai wa viumbe, wa mwaka 1992, ulizitaka nchi katika kifungu chake cha 8 kuzuia kuingizwa kwa viumbe wageni wanaotishia makao ya wengine. Australia, nchi iliyojeruhiwa mno na sungura na magugu, ilitengeneza mizani ya maswali 49 ya kupima kila mmea unaoombewa ruhusa ya kuingia. Kila jibu huongeza au hupunguza alama. Mmea upatao chini ya alama 1 hukubaliwa, upatao zaidi ya 6 hukataliwa, na ulio katikati husubiri uchunguzi zaidi. Mwaka 2005 wataalamu wa Uingereza wakiongozwa na Gordon Copp waliichukua mizani hiyo ya mimea wakaigeuza iwe ya samaki, kwa idadi ile ile ya maswali 49. Na mwaka 2009 ulichapishwa uchunguzi ulioijaribu mizani ya Australia juu ya mimea ya Amani, ili ionekane kama ingeweza kuwatambua wale ambao historia ilikuwa imekwisha wahukumu. Mizani haikuwa kamilifu, lakini ilithibitika kuwa yafaa kwa misitu ya Afrika ya Mashariki. Hivyo ndivyo bustani iliyopandwa pasipo swali ilivyokuja kuwa mahali pa kulijaribu swali.

Mizani ya samaki huuliza mambo yaliyo wazi. Je, samaki huyu amezoea hali ya hewa kama ya hapa? Amewahi kuhamishwa, na akiisha hamishwa alienea? Ana ndugu wanaojulikana kwa kuvamia? Hula nini? Huwalinda watoto wake? Huzaa na aina nyingine? Hustahimili hewa haba? Huletwa na watu kwa ajili ya pambo, na hukua kiasi cha kuchosha mwenyewe? Pamoja na kila jibu, mpimaji huandika pia kiwango cha uhakika wake. Jambo hili la mwisho lina adabu kubwa ya elimu, kwani humlazimisha mtu atenganishe ajualo na adhanilo.

Hata hivyo mizani iliyotengenezwa Uingereza haiwezi kutundikwa Lushoto bila kurekebishwa, na milima yenyewe yaonyesha sababu. Mtu akimpima gapi kwa ajili ya Lushoto, swali la hali ya hewa laweza kujibiwa kwa faraja: usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali, na samaki wa nchi za joto huenda akadhoofika katika vijito vya huko. Alama zake zitashuka. Lakini mchirizi haukai Lushoto. Korogwe iko chini kwa zaidi ya mita 1,000, na maji yake ni ya vuguvugu mwaka mzima. Samaki aliyemwagwa mlimani na kuponea mvua moja kubwa aweza kujikuta katika nyumba inayomfaa kabisa. Kwa sababu hiyo katika nchi ya milima kipimo cha haki si cha mahali mgeni anapoingilia, bali cha mto wote hadi baharini. Atoaye ruhusa Lushoto atoa ruhusa Mombo, Korogwe na Pangani, ambako hakuna aliyeulizwa.

Upungufu wa pili ni kuwa mizani hupima kiumbe, wala haipimi mkono unaombeba. Musizi usingekuwa balaa la kiasi kile kama msumeno haukutangulia. Sato hakupanda mwenyewe kutoka Ziwa Victoria hadi mabwawa ya Tanga. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania ya mwaka 2003 yampa mkuu mamlaka ya kusimamia mambo ya samaki, lakini ndoo ya jirani haina forodha. Mkulima wa Lushoto achimbaye bwawa kandoni mwa kijito hana nia ya kuiangamiza aina ya kiumbe. Ana watoto wa kulisha na karo ya kulipa. Akiambiwa tu kuwa samaki fulani ni haramu, pasipo kupewa mwingine wa kufuga, atakuwa ametwishwa yeye peke yake gharama ya hazina iliyo ya wote. Haki yataka kwamba wanaomkataza sato wamtafutie mbegu njema ya perege wa bonde lake, na wamfundishe kulijenga bwawa lisilofurika mtoni. Kazi hiyo ilipasa kuanza Korogwe mwaka 1949, na bado haijapitwa na wakati.

Wako wanaosema kuwa mizani ya namna hii ni kali mno, kwa kuwa huwakataa wageni wengine ambao pengine wasingedhuru. Neno hilo ni kweli. Lakini makosa ya mizani hayalingani uzito. Samaki asiye na hatia akikataliwa leo, mlango waweza kufunguliwa mwakani akiisha julikana vema. Hasara ni mwaka mmoja wa kusubiri. Samaki mwenye hatari akikubaliwa leo, hapana mwaka ambao mto utaweza kusafishwa naye. Kosa la kwanza husameheka. Kosa la pili hurithiwa. Jamii yenye busara huchagua kukosea upande ambao una njia ya kurudi.

Tarehe za historia hii zikipangwa pamoja, huonyesha ugonjwa mmoja. Amani ilipandwa mwaka 1902, mizani yake ikajaribiwa mwaka 2009. Mabwawa ya Korogwe yalianza mwaka 1949, perege wa Pangani wakapewa majina mwaka 1955. Sangara alitiwa ziwani mwaka 1954, onyo likachapishwa mwaka 1960. Mara tatu elimu ilifika, na mara tatu ilikuta mlango umekwisha funguliwa. Jamaa za Mbegha walikosea kwa sababu walipima kwa dalili moja. Waliokuja baada yao walikosea kwa sababu hawakupima kabisa mpaka mambo yalipokwisha. Vijito vya Usambara bado vina sehemu ambazo maji yake hayajaingiwa na mgeni, na katika sehemu hizo peke yake tarehe ya kupima yaweza bado kuandikwa kabla ya tarehe ya kuleta.